Barua ya wazi kwa wanangu mnaokwenda Glasgow

Wanangu wanamichezo, pamoja na makocha na mkuu wa msafara,

Nawasalimu kutoka hapa Dar es Salaam. Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow, Uskoti, inaanza Julai 23 na kufungwa Agosti 2, 2026, na safari hii marathoni haimo. Kwetu hilo ni pigo. Marathoni ndiyo iliyotupa dhahabu ya Gidamis Shahanga kule Edmonton mwaka 1978, ya Samson Ramadhani kule Melbourne mwaka 2006, na fedha ya Alphonce Simbu kule Birmingham mwaka 2022. Medali zetu nyingine mbili za Birmingham, zote shaba, zililetwa na mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Ndiyo maana naanza na ninyi wa ngumi.

Nchi kubwa ikipoteza mtu mmoja kwenye mizani au kwa kiatu kisichoruhusiwa, ina wengine kumi nyuma yake. Sisi hatuna. Nawaandikia juu ya mambo hayo yanayomtoa mtu mashindanoni kabla hajagusana na mpinzani.

Bondia hupimwa uzito asubuhi ya kila siku anayopigana. Hapa Dar wengi mmezoea kulala mkiwa mmezidi kikomo cha uzito wenu kwa gramu 700 au 800. Feni linazunguka, jasho linatoka usiku kucha, alfajiri unakwenda haja na mizani inakukubali. Glasgow mwezi Julai mchana ni nyuzi 19 hivi, usiku hushuka hadi karibu 11. Jasho lile halitatoka. Hapo ndipo kijana anaonekana saa 11 alfajiri akiruka kamba ndani ya koti la nailoni, anatema mate kwenye chupa, na jioni anapanda ulingoni miguu haina nguvu. Anzeni sasa kuandika kwenye daftari uzito wa usiku na wa asubuhi, kila siku. Mkifika, andikeni upya siku mbili za kwanza, maana tofauti itakuwa nyingine. Lala ukiwa umezidi gramu 300, usipite hapo. Kilo zinazobaki zipunguzwe kwa chakula, nusu kilo kwa wiki, tangu mkiwa nyumbani. Na mkifika tu, pandeni mizani ya majaribio ya waandaaji mlinganishe na ile mliyobeba.

Jambo la pili la ulingoni ni haraka. Mlio na mazoea ya ngumi za kulipwa hutumia raundi mbili kumsoma mtu. Huku raundi ni 3 za dakika 3, majaji 5. Ukiipoteza ya kwanza kwa majaji wote, inabidi watatu kati yao, wale wale, wakupe zote mbili zilizobaki. Hiyo ni kazi ngumu mno kujitafutia mwenyewe.

Wakimbiaji, mita 1500 nazo zimeondolewa, na badala yake mtakimbia maili. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974, na mwaka uliofuata akaiweka ya maili kule Kingston, dakika 3:51.0, kwa hiyo mbio hizi si ngeni kwetu. Maili ni mita 1609, yaani mizunguko 4 na mita 9 na ushee. Mnaanzia nyuma ya mstari wa kumalizia, na kwa hiyo saa mtakayoiona mkiupita mstari mara ya kwanza mnapomaliza mzunguko ni ya mita 409. Anayekimbia sekunde 60 kwa mzunguko ataona 61 na nukta kadhaa. Asiyejua hili atadhani amechelewa, ataongeza mwendo, na mzunguko wa tatu utamdai. Makocha, choreni mstari huo wa kuanzia kwa chaki uwanjani, vijana waanzie hapo mara nyingi hadi waizoee namba hiyo.

Viatu: soli ya mbio zote za uwanjani isizidi milimita 20. Viatu vya barabarani huruhusiwa hadi milimita 40, na wengi wenu ndivyo mlivyonavyo. Ukiingia navyo uwanjani, matokeo yako yanafutwa. Pimeni kwa rula leo, msingoje kukaguliwa kule.

Waogeleaji mnaofanya mazoezi kwenye bwawa la mita 25, jueni kwamba mita 100 huko kwenu zina mageuzo 3, na kwenye bwawa la mita 50 ni 1 tu. Kila geuzo hukupa msukumo wa bure na nafasi kidogo ya kupumzisha mikono. Tafuteni bwawa refu hata kwa siku chache. Wa judo, vazi jeupe na la bluu, yote mawili, kwenye mkoba wa mkononi.

Sasa dawa, na hapa nawaomba kwa moyo wote. Tramadoli inauzwa kama dawa ya kawaida ya maumivu, lakini tangu Januari 1, 2024 imepigwa marufuku wakati wa mashindano. Dawa nyingi za mafua zina pseudoefedrini, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo ni kosa. Unga wa kujenga misuli na dawa za mitishamba hakuna anayejua vyote vilivyomo, basi acheni. Kikikutwa mwilini mwako ni chako, hata kama aliyekupa ni daktari au mama yako. Kwenye kupimwa watataka mkojo usiopungua mililita 90. Msinywe maji kupita kiasi ili mmalize kupimwa upesi, kwani mkojo mwepesi mno hukataliwa na mtakaa hapo saa nyingine mbili. Una haki ya kuingia na mtu wa timu, mtumie.

Saa 3 usiku ya Glasgow ni saa 5 usiku ya Dar. Pambano la jioni litaukuta mwili wako ukitaka kulala. Wiki mbili za mwisho hapa nyumbani, sogezeni zoezi moja hadi usiku. Kule jua huzama karibu saa 4 usiku na kuchomoza saa 11 alfajiri, kwa hiyo bebeni kitambaa cheusi cha kufunika macho.

Mkuu wa msafara, nafasi moja ya kiongozi mpe mtaalamu wa tiba ya viungo. Visa ya Uingereza kwa kawaida huchukua wiki 3 baada ya alama za vidole, basi alama zitolewe mapema. Na uwe na dola 100 taslimu mfukoni kila siku ya riadha. Malalamiko hupelekwa kwa mwamuzi ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe, na rufaa kwa jopo huambatana na dola hizo 100. Dakika 30 hazitoshi kwenda kutafuta mahali pa kubadilisha fedha.

Mzee wenu,
Dar es Salaam