Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu kwa Mgeni Rasmi, Dodoma, 19 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madaktari na wauguzi,
Ndugu wazazi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maadhimisho ya Siku ya Selimundu Duniani, siku ya ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu, yanayoangukia mwezi ambao baridi na upepo wa Dodoma huwaamshia watoto wetu maumivu ya mifupa, hata mama akakesha akikanda vidole vilivyovimba vya mtoto asiyejua bado kusema panapomuuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunashukuru kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu. Hata hivyo, mtoto aliyekwisha kuzaliwa hupewa kwanza dawa kali za kuondoa uloto wake, na kwa kawaida hutafutwa ndugu anayelingana naye, ambaye wengi wetu hatuna. Ndiyo maana tunafuatilia kwa moyo wote utafiti wa kupandikiza seli shina, yaani seli za uloto zinazozaa chembe za damu, mtoto akiwa bado tumboni.

Kinga ya mtoto aliye tumboni ni changa, tena imekwisha kuzizoea seli za mama yake. Kwa hiyo uloto wa mama unaweza kutumika hata usipolingana kikamilifu, bila dawa zile kali. Daktari, akiongozwa na picha ya ultrasaundi, hupitisha sindano nyembamba hadi kwenye mshipa wa kitovu na kuziingiza seli. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walitangaza habari za mtoto aliyerithi ukosefu wa kinga, aliyetibiwa tumboni kwa uloto wa baba yake; na huko San Francisco njia hii imejaribiwa kwa thalasemia ya alfa, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Kwa selimundu bado haijathibitishwa, kwa kuwa uloto wa mtoto mwenyewe una nguvu na seli za kupandikizwa hushika chache mno. Tunalisema hili waziwazi ili mzazi asije akauza ng'ombe wake kwa ahadi ya mtu.

Mheshimiwa, tiba yoyote ya kabla ya kuzaliwa huanza kwa kujua mapema. Wengi wetu tulijua kwamba tumebeba kinasaba hiki mtoto alipokwisha kuugua, na mama akalaumiwa peke yake na mawifi, ilhali mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili, na kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mgonjwa. Tunaomba kliniki za wajawazito za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa ziwapime selimundu mama na baba siku ya hudhurio la kwanza, na majibu wapewe wakiwa wamekaa pamoja.

Naomba kuwasilisha.