Ripoti za visima zitaje toleo la programu iliyotumika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaulize wanaoandaa ripoti za uchimbaji wa visima katika mwambao wa mashariki wa Unguja: hesabu zenu mmezifanya kwa toleo lipi la programu? Ripoti nilizopata kuzisoma huandika "MODFLOW" na kuishia hapo, ilhali programu hiyo ya kompyuta ya kukadiria mwenendo wa maji ya ardhini, inayotolewa bure na taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani tangu miaka ya 1980, imebadilika sana, na mabadiliko yenyewe yanatugusa sisi wa Paje, Jambiani na Makunduchi.

Modeli, yaani mfano wa ardhi na maji yake unaotengenezwa kwa programu hiyo, huigawa ardhi katika visanduku vingi. Katika matoleo ya zamani, maji yakishuka chini ya kitako cha kisanduku, kisanduku hicho kilitolewa katika hesabu pamoja na pampu iliyowekwa humo. Pampu ikishazimwa kimyakimya namna hiyo, hesabu huonesha maji ya jirani yakipanda, na msomaji huamini kuwa hoteli inaweza kuvuta maji kiangazi kizima bila ya kumdhuru mtu. Dawa ilipatikana mwaka 2011 katika MODFLOW-NWT, kisha ikaingizwa katika MODFLOW 6 iliyotoka mwaka 2017: kisanduku hubaki, na uvutaji hupunguzwa kadiri maji yanavyopungua, ingawa ni lazima mtumiaji aichague njia hiyo mwenyewe. Matoleo ya karibuni yanaweza hata kuandika katika faili la pembeni kila kisima kilichopunguziwa, na kwa kiasi gani. Mimi ningelisoma faili hilo kabla ya kurasa zote za ramani za rangi.

La pili ni chumvi. Maji yetu matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo maji yakishuka sentimita 10 tu, hatimaye akiba hupungua kwa mita 4 kutoka chini. MODFLOW 6 sasa ina sehemu ya kuhesabu tofauti ya uzito wa maji hayo mawili. Ripoti iliyoiacha haijagusa suala la kisima cha pwani.

Sidai kuwa toleo jipya linamaliza kila kitu, kwani hesabu za kawaida za programu hii huyachukulia maji kama yanachujika polepole ardhini, na kwenye mapango ya maweni, yaani ardhi yetu ya mawe ya matumbawe, hayaendi hivyo.

Naiomba Mamlaka ya Maji Zanzibar, kabla ya kukubali ripoti, idai namba ya toleo, mafaili ya modeli na orodha ya visima vilivyopunguziwa uvutaji. Programu ni ya bure, hivyo gharama isiwe kisingizio. Ripoti za zamani zisizotaja toleo nazo zihesabiwe upya, tukianza na za visima vilivyo karibu zaidi na ufuo.

Mkaazi wa Jambiani,
Kusini Unguja