Volti 8000 na mbuzi wa jirani

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi redio na tivii hapa Ujiji, gazeti lenu nalisoma hata likinifikia limeshafungia maandazi. Juzi mmempa mtu nafasi akaandika fensi za umeme zipigwe marufuku kwa sababu zina volti 8000 wakati za ukutani ni 230 tu. Hesabu anaijua ila umeme hajauelewa, na sisemi kwa kiburi, kuna mbuzi kafa kwa hesabu hiyohiyo.

Shemeji yangu analima mahindi upande wa Ilagala, karibu na mto Malagarasi, usiku viboko wanapanda, wanakula, wanakanyaga, wanarudi zao majini. Mtu akamwambia achana na mashine ya fensi hiyo ina volti za kuua, wewe vuta tu waya kutoka kwenye soketi, 230 ni kidogo itawashtua. Akavuta kweli, wala hakuniuliza. Asubuhi mbuzi wa jirani kakauka kwenye waya, na njia ya watoto wa shule ni hapohapo pembeni. Nilivyofika miguu iliniisha nguvu.

Umeme wa ukutani ukikushika haukuachii, misuli inakaza, mkono unang'ang'ania waya na mkondo unaendelea kupita kifuani, hata miliampia 30, yaani sehemu 30 za elfu ya ampia moja, zikikaa muda wa kutosha zinaweza kukumaliza. Mashine ya fensi inafanya kitu kingine kabisa, inakusanya umeme kidogokidogo kwenye kapasita, inautema wote kwa pigo moja fupi kuliko kupepesa jicho, halafu kimya kama sekunde nzima, hapo ndo unachomoa mkono huku unatukana. Kanuni za kimataifa zinataka pigo lisizidi jouli 5, jouli ni kipimo cha nishati. Jouli 5 kila sekunde ni wati 5, balbu ya chumbani inakula zaidi, kwa hiyo na nyie wa "itamaliza LUKU", umeme wa kulipia kabla, tulieni. Sisemi ni mchezo, mtu akinasa kichwa kwenye waya ni habari nyingine, na kibao cha onyo lazima kiwepo.

Huu ujanja wa kukusanya polepole na kuachia ghafla watu wameutafiti miaka na miaka. Mjerumani Erwin Marx mwaka 1924 alibuni mtambo ambao kapasita zinachajiwa kila moja kivyake, kisha cheche zinaziunganisha kwa mpigo mkia kwa kichwa kama mawe ya tochi, volti zinajumlishana. Mpaka leo mitambo ya aina hiyo inatoa radi ya bandia ya kupimia transfoma na vikombe vya nguzo kabla havijaletwa kupigwa na radi ya kweli. Kwa ujanja huohuo, mwaka 1980 kule Munich, Ujerumani, mgonjwa akavunjwa mawe ya figo bila kisu, kwa mshindo wa cheche iliyopigwa ndani ya maji.

Ila kinachonifurahisha mimi ni Z Machine, mtambo wa utafiti wa kutema umeme kwa pigo moja, wa maabara ya Sandia, New Mexico, Marekani. Pigo lake moja ni ampia zaidi ya milioni 20, na kwa ule muda mfupi nguvu yake inazidi mitambo yote ya kufua umeme duniani. Sasa umeme wanaoujaza humo kabla ya pigo ni jouli kama milioni 20, nikachukua kikokotoo nikagawanya kwa jouli milioni 3.6 za uniti moja, nikapata uniti 6 hivi za LUKU. Uniti 6 mhariri! Mama ntilie mwenye friji anazimaliza ndani ya siku chache na hakuna anayemkimbia.

Kwa hiyo naomba hiyo barua muisahihishe, tena kwa herufi kubwa, msomaji wa Ilagala asije akabaki anaamini ya ukutani ndo salama. Shemeji keshalipa mbuzi. Ule waya nimeukata mwenyewe, uko hapa kibandani, na mashine ya fensi tunaichangia tukivuna, mpaka hapo anakesha shambani na debe na tochi.

Fundi, Ujiji, Kigoma