Barua ya wazi kwa wakuu wapya wa shule za wasichana

Wanangu na walimu wenzangu,

Hongereni kwa kuaminiwa. Mmekabidhiwa ofisi, mhuri na mabinti wa watu, na najua wengi wenu mmeshaanza kuandika barua za kwenda juu: maabara, bweni, mwalimu wa fizikia. Andikeni, ni haki ya watoto. Ila wakati mnasubiri majibu, naomba niwasimulie habari za Helene Lange, mwalimu wa Kijerumani ambaye ningependa kila mmoja wenu amjue.

Alizaliwa Oldenburg mwaka 1848. Mama yake alifariki Helene akiwa bado mtoto, na mwaka 1864 baba naye akafuata. Binti alitaka kufanya mtihani wa ualimu. Mlezi wake akakataa katakata. Katika ujana huohuo aliishi kwa muda nyumbani kwa mchungaji huko Eningen, kusini mwa Ujerumani. Pale wanaume walijadili dini na vitabu, na wanawake wa nyumba hiyohiyo, wenye akili timamu kabisa, walikaa kimya. Jambo hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote.

Alipofikia umri wa kujiamulia alikwenda Berlin, akafaulu mtihani wake mwaka 1872, na baadaye akasimamia mafunzo ya walimu wa kike katika shule moja binafsi. Mwaka huohuo wa 1872, walimu wa shule za wasichana, wengi wao wanaume, walikutana Weimar. Waliandika kwamba mwanamke apewe elimu ili mume wake wa Kijerumani asije akachoshwa, akiwa nyumbani kwake, na ufinyu wa mawazo ya mkewe. Basi, hiyo ndiyo sababu waliyoiona ya kumsomesha mtoto wa kike! Na shuleni, masomo mazito ya madarasa ya juu yalishikwa na wanaume.

Mwaka 1887 Helene na wanawake wenzake wachache wa Berlin walipeleka ombi kwa waziri wa elimu wa Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, na kwa bunge lake. Walitaka wanawake wafundishe masomo mazito katika madarasa ya juu ya wasichana, na serikali ifungue vyuo vya kuwaandaa kwa kazi hiyo. Helene aliambatanisha kijitabu alichokiandika mwenyewe, kikavuma kwa jina la rangi ya jalada lake, njano. Alishambulia maneno ya Weimar bila kumung'unya. Ombi likakataliwa.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Mwaka 1889 alifungua kozi zake mwenyewe Berlin kwa wasichana waliomaliza shule: hisabati, sayansi, Kilatini. Wakati huo kozi hazikuwa na mtihani wowote wa kuwapeleka chuo kikuu. Alifundisha hivyohivyo. Mwaka 1893 akazigeuza ziwaandae kwa Abitur, mtihani wa kumaliza sekondari unaofungua mlango wa chuo kikuu, uleule wa wavulana. Hakuomba mtihani mwepesi wa kike. Mwaka 1896 wasichana wake sita wa kwanza waliufanya kama watahiniwa wa kujitegemea, mbele ya watahini wa shule ya wavulana, na wote sita wakafaulu.

Je, milango ilifunguka? Hapana. Vyuo vikuu vya Prussia viliwapokea wanawake kama wasikilizaji tu, tena kwa ridhaa ya kila profesa. Ruhusa ya kujiandikisha kama wanafunzi kamili ilikuja mwaka 1908, pamoja na mageuzi ya shule za wasichana. Tangu ombi la 1887 hesabuni wenyewe: miaka 21. Ila waraka ulipotoka, ulikuta wapo wasichana waliokwisha kufaulu, na hoja kwamba hawawezi ilikuwa imekufa zamani.

Simsifu kwa yote. Kozi zile ziliwafaa zaidi mabinti wa wenye uwezo. Binti wa mfanyakazi wa kiwandani hakuzifikia. Naye alishikilia kwamba mwanamke ana maumbile yake ya kimama ambayo ndiyo mchango wake kwa taifa, hoja ambayo mimi naiona inaweza kumfunga msichana upya. Na mkumbuke gharama waliyolipa walimu wa kike wa enzi ile: Prussia, aliyeolewa alipoteza kazi. Helene hakuolewa.

Sasa, wanangu, fungueni ratiba ya vipindi wiki hii. Tazameni nani anafundisha hisabati na fizikia madarasa ya juu, na mwalimu wa kike aliyesomea masomo hayo mmempangia nini. Kama mmemwachia kidato cha kwanza na usimamizi wa usafi, mpandisheni. Msichana anayetaka fizikia na hana maabara, mtafutieni saa ya jioni, chaki, na mtu wa kumfundisha, kisha mwandikisheni mtihani kamili. Barua za maabara endeleeni kuzituma.

Mama yenu, mkuu wa shule mstaafu.