Usimpige mkwara Bonge

Sinza, Jumapili usiku

Kaka Idi,

Salaam nyingi. Huku wazima, ila mvua imetufungia ndani tangu asubuhi. Mguu wa mama mkwe unaendeleaje?

Ujumbe wako wa poka nimeusoma: ree mbili mkononi, na Bonge wa meza yenu kakuchapa kwa saba na mbili. Pole. Ila hapo ulipoandika kwamba Jumamosi utawapiga mkwara mpaka washike adabu, ndipo nikaona simu haitoshi.

Mkwara, yaani kupandisha dau bila mkono, unamtisha anayejua kutupa karata. Bonge hatupi! Kalipa kiingilio cha elfu kumi, anataka kuziona zote tano za mezani. Ukimtisha na mkono mtupu atakufuata, yaani atalipa dau lako, na jozi ya nne mbili, na atashinda.

Kosa lako ni bei. Blaindi, yale madau mawili ya lazima kabla ya karata, zikiwa 100 na 200, wawili wameshaingia kwa 200, wewe ukapandisha hadi 500: hapo umewakaribisha chai. Kawaida ni blaindi kubwa mara tatu, halafu unaongeza moja kwa kila aliyeingia, yaani 1,000. Kwa meza yenu weka 1,300, hata 1,400. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne ni 56 hivi. Uliwaingiza wanne kwa bei ya maandazi, sasa unalia mikosi.

Ukiwa na mkono, endelea kuwatoza. Tuseme karata ya nne ya mezani imetoka, katikati kuna 2,000, na Bonge ana kopa nne, anasubiri ya tano. Weka 1,500. Ili kufuata kusiwe hasara, lazima apate mara 30 katika 100, na kopa zake tisa kati ya karata 46 hazifiki hata 20. Akiipata utamtukana, sawa, lakini hizo mara nyingine nne katika tano anakulipa wewe. Ndiyo maana sitaki umfukuze.

Jozi ndogo ingia nazo kwa bei rahisi tu. Tatu za aina moja hutokea kwenye karata tatu za kwanza za mezani kama mara moja katika nane au tisa. Zisipotokea, tupa.

Mzee Kipara naye, yule anayefuata tu saa nzima bila neno: akipandisha ghafla karata ya nne, tupa hata jozi ya ree. Mudi ni ugonjwa mwingine, anapandisha kwa chochote. Huyo mfuate tu ukiwa na mkono mzuri, umwache aendelee kumwaga chipu.

Chipu zikibaki za blaindi kubwa kumi, ni zote katikati au tupa. Lakini usijaribu kuiba blaindi (kupandisha ili wote watupe) na kingi na tano, maana Bonge... unamjua. Ngoja jozi, au ree yenye kumi kwenda juu.

Sasa nijibu: mnaanza na chipu ngapi? Blaindi zinapanda kila dakika 15 au 20? Mudi anakaa kushoto kwako au kulia? Kama ni kushoto, huwezi kuhama kiti ili acheze kabla yako? Na feni yangu utairudisha lini, au nayo umeiweka mezani?

Wako,
Selemani