"Tokeni ni ya mpangaji": barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni fundi wa bomba. Nimelaza mabomba katika nyumba za kupangisha za Eastlands kwa miaka 18, na jioni narudi kulala katika mojawapo ya nyumba za aina hiyo, mtaa wa Pipeline.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mjengo wa ghorofa saba huku Embakasi. Ramani ilionyesha bomba la maji moto likishuka kutoka paani, mahali palipotengewa mtambo wa kupasha maji kwa jua. Msimamizi akaniambia niliache. "Weka shawa ya umeme tu, fundi. Tokeni ni ya mpangaji."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniketisha kukuandikia kuhusu nyumba za kupangisha zinazojengwa bila kutumia jua, mwanga na mvua tulivyopewa. Anayejenga halipi tokeni za umeme, na atakayelipa hakuwepo ramani ilipochorwa. Atakuja baadaye na godoro lake na watoto wake, akute kila kitu kimeshaamuliwa. Wa kumsemea mapema ni mmoja tu: anayepitisha ramani. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kazi hiyo ni ya kaunti yako.

Shawa moja ya umeme huvuta kilowati nne, wakati mwingine tano. Hizo ni kama balbu 400 za wati 10 zikiwashwa kwa pamoja. Sasa fikiria saa kumi na moja alfajiri, jengo zima likijiandaa kwenda kazini. Nimesikia watu wakisema umeme wetu ni safi tayari, mwingi unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito na upepo, kwa hiyo nyumba za kijani, yaani zinazojengwa zisipoteze umeme na maji, ni mambo ya nchi zinazochoma makaa. Ni kweli umeme wetu mwingi ni safi. Lakini si wa bure, na mama anayenunua tokeni za shilingi hamsini hamsini anajua hilo kuliko mimi.

Kanuni za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipashe maji kwa jua. Mijengo niliyoifanyia kazi tangu wakati huo ikawekewa mitambo hiyo naihesabu kwa vidole. Na hili halisubiri: bomba la maji moto likilazwa kabla ya plasta ni kazi ya siku chache, lakini vigae vikishabandikwa ni kupasua kuta za bafu ghorofa baada ya ghorofa, watu wakiwa ndani. Sijaona mwenye nyumba aliyekubali gharama hiyo.

Kuhusu mwanga, karibu kwangu. Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani, nikinyoosha mkono naugusa. Saa saba mchana balbu inawaka ili binti yangu aone daftari. Julai nguo hazikauki, ukungu unapanda ukutani nyuma ya kitanda, na kikohozi kinazunguka kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Yote haya katika jiji lililo mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, lenye hewa ambayo haihitaji kupozwa wala kupashwa moto nyumba ikiachwa ipumue! Tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Jua linapiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri, kwa hiyo madirisha makubwa yakitazama kaskazini na kusini, nyumba inapata mwanga bila kuungua. Kugeuza nyumba kwenye karatasi hakugharimu saruji yoyote.

Halafu mvua. Aprili na Mei 2024 tuliona maji yakibeba nyumba za watu, na bado nilinunua mtungi wa lita 20 kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nairobi hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Paa la mita 100 za mraba, hata ukipoteza kiasi, linakupa zaidi ya lita 70,000 za kufulia na kusafishia choo. Sisi tunaziachia barabarani.

Najua utaambiwa kodi itapanda. Huenda ikapanda kidogo, siwezi kukudanganya. Lakini kodi ni sehemu tu ya anachotoa mpangaji. Weka tokeni na mitungi ya maji kwenye hesabu hiyo, kisha uulize nani anabebeshwa.

Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zimeshaondolewa, na mpya za taifa zilianza kutumika Machi 2025. Naomba kaunti iongeze zake: ramani ya nyumba ya kuishi isipite bila bomba la maji moto la jua, gata na tangi la mvua, na dirisha la kila chumba kufungukia hewa wazi. Na mkaguzi aje mara mbili, kabla ya plasta na kabla ya mpangaji wa kwanza kuhamia.

Mjengo nilioutaja bado haujapigwa plasta. Kuta ziko wazi, na nafasi ya lile bomba bado ipo.

Wako mtiifu,
Fundi wa bomba, Pipeline