Ile "tu" moja inaninyima usingizi

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku huku na ujumbe wa mkuu wa shule ninayofundisha bado sijaujibu. Aliutuma jana saa tatu: yule binti tunayefundisha naye anaumwa koo, daktari kampumzisha mpaka wiki ijayo, je, nitaweza kuongoza seda ya watoto Alhamisi, ile karamu ya Pasaka ya Kiyahudi? Mume wangu alipousoma akaniambia, "Si ndicho ulichokuwa ukikililia?" Akajigeuza, akalala. Mimi niko jikoni tangu wakati huo. Chai nimeipasha mara mbili na sijainywa.

Umewajibu wengi wanaofanya kazi za huku, kwa hiyo sitakuchosha na habari za baridi na makaratasi. Nafundisha chekechea iliyo ndani ya sinagogi, New Jersey, watoto wa miaka mitatu na minne. Huu ni mwaka wa nane. Mimi si Myahudi na sijawahi kumdanganya mtu kuhusu hilo. Nilibatizwa Mombasa, baba alikuwa mzee wa kanisa, na siku ya usaili nilisema wazi. Mkuu akajibu kwamba sitakuwa wa kwanza, wanachotaka ni mtu anayewapenda watoto, mengine nitajifunza. Nikajifunza, Shangazi. Labda nilijifunza kupita kiasi.

Wiki tano zilizopita ilikuwa Ijumaa ya babu na nyanya. Wanakuja, wanaketi kwenye vile viti vidogo magoti yakiwafika kidevuni, tunafanya Shabati, yaani Sabato yao, ya darasani saa nne asubuhi ingawa yenyewe huingia jua likizama. Kama kawaida nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe, kisanduku cha sadaka kimepita mkono kwa mkono, mikate imefunikwa. Nikawasha mishumaa, nikazungusha mikono mara tatu juu ya moto, nikafunika macho, na kabla sijafungua kinywa nikahisi mkono wa mtu juu ya wangu. Nyanya wa mtoto mmoja. Hakunisukuma, hakupaza sauti. Aliniambia taratibu, kama unavyomwambia mgeni aliyekosea akavaa viatu vya mwingine mlangoni: "Asante, mwanangu. Lakini hii si yako." Akaisoma baraka yeye. Watoto wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia amina.

Jumatatu mkuu akaniita. Tangu siku hiyo Ijumaa ni ya yule binti. Ni mtoto mzuri, sina ugomvi naye. Mama yake ni Myahudi, lakini yeye hakulelewa kwenye sinagogi, na kila Alhamisi jioni hunishika koridoni nimwimbie tuni airekodi kwenye simu. Mimi ndiye ninayekanda unga, ninayesuka mikate, ninayepiga kitambaa pasi, halafu Ijumaa ikifika nasimama nyuma karibu na sinki kama niliyekuja kuosha vikombe.

Hii si yako. Haya, ni ya nani basi? Nani aliyewafundisha watoto hao? Mkate wa Shabati husukwa, na mimi nimesuka vichwa vya wadogo zangu watatu kila Jumapili jioni mpaka nilipoolewa. Watoto wa darasa langu wanausuka unga wakiimba "juu, kati, juu, kati" na mikate yao haifumuki tanurini. Mkate wenyewe unaitwa khala, na hiyo kh inayowashinda walimu wenzangu wa Kimarekani mimi imenitoka yenyewe, maana nimekua na majirani wanaonipa sabalkheri kila siku ya Mungu. Kisanduku cha pesa za maskini wanakiita tsedaka. Nani kwetu asiyejua sadaka? Usiku wanauita laila. Hata Sikukuu ya Vibanda, wenzangu walipokuwa wanahangaika na maelekezo ya paa, mimi niliona banda la makuti tu, tofauti yake ni kwamba sisi tunaezeka mvua isipite na wao wanaezeka nyota zionekane. Nilikuwa najiona kama mtu aliyefika kwa jamaa ambao hakujua anao. Usinicheke.

Na mwaka 2018, mwaka wangu wa pili, Jumamosi ile ya Oktoba watu 11 walipouawa ndani ya sinagogi kule Pittsburgh, mume wangu alinisihi nisirudi kazini. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni. Askari mwenye bunduki upande huu, mimi upande ule, nawapokea watoto kutoka mikononi mwa mama ambao hawakutaka kuwaachia. Siku hiyo hakuna aliyeniambia hii si yako.

Samahani. Nimesoma nilichoandika, naona hasira imetangulia. Mkuu alinieleza sababu na nitakuwa mwongo nikisema hakuwa na hoja. Baraka ya mkate inasema Mungu ndiye atoaye mkate katika ardhi. Ya juisi ya zabibu inasema ndiye aumbaye tunda la mzabibu. Hizo, kwa maelezo yake, anaweza kuzisema yeyote mwenye shukrani. Lakini ya mishumaa inasema: aliyetutakasa kwa amri zake, akatuamuru kuwasha taa ya Shabati. Akatuamuru. Mimi sikuamriwa. "Mungu wetu" naweza kusema, ni wangu pia, ila hiyo "tu" ina wenyewe.

Hiyo "tu" imenisumbua tangu mwaka wa kwanza na hakuna aliyewahi kuniuliza naitumiaje. Mwanzoni nilikuwa nawaambia watoto, "Wayahudi wanawasha mishumaa." Mmoja akauliza, "Wayahudi ni nani?" Mtoto Myahudi, Shangazi, ndani ya sinagogi! Nikaona nimemfanya mgeni nyumbani kwake. Nikaanza kusema "tunawasha" na mambo yakatulia, mpaka mwingine akaniuliza, "Mora" (ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike) "na wewe kwako unawasha?" Nikamjibu hapana, kwangu siwashi, nawasaidia ninyi. Akafikiri. Akasema, "Basi wewe ni shamashi." Shamashi ni ule mshumaa wa tisa wa Hanuka, sikukuu yao ya taa, unaowasha ile minane nao wenyewe hauhesabiwi. Siku ile nilifurahi, nikarudi nyumbani nikamsimulia mume wangu. Sasa nikilikumbuka neno hilo nalia.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu, na sidhani linahusika, ila nikiliacha nitakuwa nimekuficha. Januari, saa ya kulala mchana, mtoto mmoja alishikwa na homa. Hapati usingizi, mama yake amekwama barabarani. Nikampigapiga mgongo nikimwimbia wimbo wa Shule ya Jumapili, ule ambao mama alikuwa akitubembelezea. Niliuimba mdomo umefungwa, bila maneno. Karibu bila maneno. Kiitikio nilikitamka, kwa Kiswahili, nikijiambia nani atajua. Lakini jina la Yesu kwa Kiswahili halipishani sana na wanavyolitamka kwa Kiebrania, na mtoto wa miaka mitatu hunasa kila kitu. Akalala. Kesho yake akaniomba tena "ule wimbo wako". Sikuuimba tena, naapa.

Mtoto huyo ndiye mjukuu wa yule nyanya.

Kama aliuimba nyumbani, sijui. Huenda hakuuimba. Huenda mkono ule ulikuwa juu ya baraka ya mishumaa tu na mimi najitafutia kesi. Lakini siku mkuu aliponiita alinisimulia habari za mzee huyo ili nimwelewe. Mama yake alikuwa msichana mdogo Ufaransa wakati wa vita ya Hitler, akafichwa na watawa, wakamfundisha sala zao na ishara ya msalaba ili asijulikane. Wakamwokoa. Vita ilipokwisha jamaa walikuja kumchukua. Wako watoto wengine ambao hawakurudishwa, walibaki na dini ya waliowaficha mpaka wakasahau walikotoka. Mkuu ananieleza kwa upole, wala hajui ananichoma, na mimi natikisa kichwa huku ule wimbo unaniimbia masikioni.

Ningemwambia pale pale. Sikumwambia. Nikimwambia leo, miaka minane yote itasomwa upya, ataona hata mikate niliisuka kwa hila. Na sikuwa na hila. Nilikuwa na mtoto mwenye homa.

Sasa hiyo seda. Kwetu Pasaka ni neno moja kwa zote mbili, ya Wakristo na ya Wayahudi, tofauti nimeijulia huku. Mtoto mdogo kuliko wote anauliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine wowote, na jibu ambalo anayeongoza lazima aanze nalo ni: Tulikuwa watumwa wa Firauni huko Misri. Tulikuwa. Halafu kuna habari ya watoto wanne, mmoja wao mwovu, na uovu wake wote ni kwamba anauliza ibada hii ina maana gani kwenu. Kasema "kwenu" badala ya "kwetu". Nikisema "walikuwa watumwa" nimekuwa huyo mwovu. Nikisema "tulikuwa", yule nyanya ameketi mbele yangu kwenye kiti kidogo, maana babu na nyanya wamealikwa tena.

Na kwetu ni Kisauni, upande wa Kengeleni. Wewe mtu wa pwani huhitaji kuambiwa ile kengele iliwekewa nini, wala watu wa Frere Town, kile kijiji cha watumwa waliokombolewa, mwaka 1875 walishushwa kutoka majahazi ya namna gani. Nyanya yake baba alikuwa mtoto wa watu hao. Nyumbani neno lenyewe, "mtumwa", hatukulitaja, lilikuwa la kunong'onwa, na shuleni mtu akikutania nalo mnapigana. Huku nikakuta watoto wa miaka minne wanalisema mdomo wazi, wanaliimba, makombo ya mikate isiyotiwa chachu mashavuni, na wazazi wao wanawapigia makofi. Mwaka wa kwanza nilitoka nikaenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike. Kulisema neno hilo bila kuinamisha kichwa nimejifunza kwa watoto wale. Hiyo nayo si yangu?

Nilikaa kuandika nikuulize kama niache kazi. Mume wangu anasema niache, kuna watu wanalipa zaidi kwa kulea mtoto mmoja nyumbani kwao, tena hakuna wa kukuuliza dini. Anachoka pia kumsikia mwanetu akiimba maswali manne ya Pasaka bafuni wakati Baba Yetu anaifikisha nusu. Kuacha siachi. Na hiyo Ijumaa siitaki tena. Yaani naitaka, lakini nisipewe kwa sababu mtu anaumwa koo. Nataka yule mzee aje aniambie… sijui aniambie nini. Aniombe radhi ya lipi? Mkono wake ulikuwa wa upole kuliko wa watu wengi niliokutana nao nchi hii, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, ningepata hata tusi nikashika.

Habari ya wimbo, nimwambie? Na nikisema, nianze na mkuu au na yeye mwenyewe, kabla ya Alhamisi au baada? Nikisema kabla, huenda Alhamisi isiwe yangu kabisa. Nikingoja baada, nitakuwa nimesimama mbele yake nikisema "tulikuwa" huku namficha. Nilifikiria kumpa mkuu sentensi hiyo aisome yeye halafu mimi niendelee na mapigo kumi, vyura na nzige, watoto wanapenda vyura. Pengine ni woga tu.

Saa kumi na moja hii. Nimeandika "sawa" kwenye simu nikafuta mara tatu. Tafadhali usitaje jina langu, kanisani kwetu wako wanaokusoma, nao wana yao ya kusema kuhusu mimi na Wayahudi, na hiyo ni barua nyingine.

Ni mimi,
Mora, New Jersey